Kisa cha D'mba, mama wa Wabaga

Kati ya mwaka 1956 na 1957, katika vijiji vya Wabaga kwenye pwani ya Guinea, vinyago vilitolewa mafichoni vikawekwa juani mbele ya watu wote, wake kwa waume, wakubwa kwa watoto. Vingi vilichomwa moto. Vingine vilinunuliwa na wafanyabiashara wa sanaa kutoka Ufaransa, waliokuwa wakipita pwani hiyo wakijua vizuri ni kwa nini mali ile imekuwa rahisi kupatikana. Vichache vilifichwa na wazee ambao hawakumwambia mtu. Misufi mikubwa iliyosimama katikati ya misitu ya mizimu ilianguka kwa shoka, na jando kuu la wanaume likakoma.

Aliyeongoza shughuli hiyo ni mhubiri wa Kiislamu aliyejulikana kwa jina la Asekou Sayon. Alikwenda kijiji hadi kijiji na wafuasi wake, na wenyeji, hasa vijana, walimpokea na kumsaidia. Hilo la vijana naomba msomaji alishike, nitalirudia.

Miongoni mwa vinyago vya Wabaga alikuwamo D'mba, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Kisusu, Nimba. Wakati moto unawaka vijijini, D'mba mmoja alikuwa kwa miaka mingi mali ya mchoraji Picasso huko Ufaransa, na wengine walikuwa wamesimama juu ya vibao katika makumbusho ya Ulaya na Marekani, wakiandikwa kuwa miungu ya uzazi. Swali ninalolichambua hapa ni hili: ni kitu gani hasa kilichozimwa mwaka ule? Mti uliochongwa haukwisha duniani, maana umejaa makumbusho. Dini mpya nayo haikuwa ngeni, Uislamu ulikuwa umeizunguka nchi ya Wabaga kwa zaidi ya karne mbili. Kwa maoni yangu waliokisimulia kisa hiki kwa haraka wamekosea mahali pawili: wamemdhania D'mba kuwa mungu, na wameudhania ule moto kuwa ugomvi wa dini na dini.

Kuvaliwa si kuvaliwa usoni

Kwanza kitu chenyewe. Neno letu kinyago humfanya mtu afikirie uso wa mti uliofungwa usoni. Mmakonde akikutajia lipiko unapata picha nyingine, kwa sababu lipiko huvikwa kichwa kizima kama chungu. Afrika Magharibi kuna mila pana ya vinyago vinavyokaa juu ya kichwa, na kila kabila lina namna yake. Wabamana wa Mali huchonga swala wa chi wara, wakamfunga juu ya kofia iliyosukwa, na mchezaji huinama mashambani akishika fimbo mbili kama mnyama wa miguu minne. Wayoruba wa gelede huweka kinyago juu ya utosi, na uso wa mchezaji hufunikwa kitambaa chepesi chini yake. Ngoma hiyo ya kuwaheshimu na kuwatuliza akina mama, inayochezwa Benin, Nigeria na Togo, ilitangazwa na UNESCO mwaka 2001 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008.

D'mba hakai utosini. Yeye ni kichwa, shingo na kifua kizima cha mwanamke, vyote vimetoka katika gogo moja, na chini ya kifua kuna miguu minne. Kifua kimekombwa kwa ndani. Mchezaji huingiza kichwa chake humo, ile miguu minne ikashuka na kukaa mabegani, miwili mbele na miwili nyuma, naye huishika ya mbele kwa mikono. Kisha hufungwa sketi nzito ya nyuzi za mwale kutoka kifuani hadi chini, na kitambaa hutandazwa mabegani. Binadamu hapo haonekani tena. Mbele yako amesimama mama mrefu kuliko mtu yeyote kijijini, na mchezaji anaona njia kupitia tundu dogo lililotobolewa kati ya matiti mawili.

Kinyago cha ukubwa huo, chenye urefu wa zaidi ya mita moja kabla ya sketi, kinazidi kilo 30. Na si kwamba mchezaji anasimama nacho tu. Anazunguka, anainama, anainuka, anayumba kama mtu anayetaka kuanguka kisha anasimama wima, ngoma zikimfuata. Wanaume wachache sana kijijini wana mabega na pumzi ya kufanya hivyo. Ninalisisitiza hili kwa sababu picha za vitabuni humwonyesha D'mba ametulia kama sanamu ya jiwe, na mtu anaweza kumaliza kitabu kizima bila kukumbuka kwamba chini yake palikuwa na mwanamume anayetoka jasho.

Anachosema mwili wake

Mtazame uso. Pua ni kubwa, imepinda kama mdomo wa ndege wa mawindo, na kichwa kizima kimevutwa mbele. Nywele zimesukwa mistari iliyopangwa kwa makini, na katikati pamepita kishungi kirefu kutoka paji la uso hadi kisogoni. Wabaga husema asili yao ni milima ya Futa Jalon, na kwamba walishuka pwani wakiikimbia nguvu ya Wafulani walioanzisha dola ya Kiislamu milimani humo kuanzia miaka ya 1720. Kishungi kile kinafanana na misuko ya wanawake wa Kifulani wa Futa Jalon. Kwa hiyo mama wa Wabaga amebeba kichwani kumbukumbu ya nchi waliyofukuzwa, tena kwa msuko wa waliowafukuza. Sijui kinyago kingine kinachobeba historia ya uhamaji kwa namna hiyo.

Mashavuni na shingoni kuna chale. Mara nyingine fundi hupigilia misumari midogo ya shaba iliyonunuliwa kwa wafanyabiashara wa pwani, ikang'aa juu ya mti uliosuguliwa hadi kuwa mweusi.

Matiti ni marefu, bapa, yamelala kifuani. Mgeni huona uzee, wengine wameona ubaya. Mbaga anaona jambo jingine kabisa: huyu amezaa, amenyonyesha wengi, na watoto wake wamekua. Titi lililolala ni hati ya kazi iliyokwisha fanywa. Msichana hana titi hilo, wala bibi harusi. D'mba ni mwanamke aliyefika kilele cha umri wake na heshima yake, na bado kichwa chake kimesimama.

Ndiyo maana wanawake humkaribia anapocheza wakamgusa matiti, wakitumaini kupata watoto kama yeye alivyopata, na watu humrushia punje za mpunga. Nani anapaswa kurusha mpunga kama si Mbaga? Nchi yao ni tope na maji ya chumvi. Wamejifunza kulikata pori la mikoko, kujenga kingo za udongo zinazozuia bahari, kuacha mvua ioshe chumvi, kisha kupanda. Jembe lao ni kama kasia refu la mti, na mwanamume hulisukuma topeni kwa mwili mzima akiinua bonge la udongo na kuligeuza. Ukimtazama mkulima huyo na ukimtazama mchezaji wa D'mba, utaona ni mwili ule ule uliofunzwa na kazi ile ile. D'mba alitoka wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na pia katika harusi, katika misiba, na kijiji kilipopata mgeni wa heshima.

Mwaka 1886 jarida moja la Ufaransa lilichapisha masimulizi ya ofisa wa jeshi la majini, Coffinières de Nordeck, aliyepita nchi ya Wabaga, pamoja na mchoro wa D'mba akicheza. Katika mchoro ule amezungukwa na umati. Wanawake wamo, watoto wamo. Hilo ni muhimu kwa hoja yangu kuliko neno lolote aliloliandika ofisa yule.

Je, ni mungu?

Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, kibao cha makumbusho kilisema Nimba ni mungu wa uzazi wa Wabaga. Maneno hayo yalinakiliwa kutoka kibao hadi kibao, kutoka orodha ya mnada hadi kitabu cha picha, mpaka yakawa kama kweli.

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Frederick Lamp, mwanahistoria wa sanaa aliyekuwa mtunzaji katika makumbusho ya Baltimore, alikwenda kuwauliza Wabaga wenyewe. Wazee walimjibu kwamba D'mba si mungu na si pepo. Hawamwabudu, hawamtolei sadaka, wala hawasemi kuna roho iitwayo D'mba iliyoko mahali fulani ikisubiri kuitwa. Ni wazo lililopewa mwili: mwanamke jinsi anavyopaswa kuwa, ambaye kila mtu amemwangalia na kumtaka awe mama yake. Maonyesho makubwa aliyoyaandaa New York mwaka 1996 ndiyo yaliyoanza kulisahihisha jambo hilo hadharani, na leo makumbusho mengi, likiwamo la Metropolitan huko New York na lile la Art Institute la Chicago, yanatumia jina D'mba. Nimba wa Kisusu amebaki kwenye mazoea. (Mlima Nimba, ulio mpakani mwa Guinea, Liberia na Côte d'Ivoire, hauhusiani na habari hii, ingawa watu huuchanganya.)

Kosa la kumwita mungu lina madhara. Ukisema Wabaga walikuwa na mungu wa mti anayetoka hadharani, basi mhubiri anayekuja kumvunja sanamu anakuwa na haki ya kidini unayoielewa mara moja, na kisa kinakwisha hapo. Lakini Wabaga walikuwa na vitu ambavyo kweli vilikuwa vya siri na vya kuogopwa, na D'mba hakuwa mmoja wao.

Kulikuwa na a-Mantsho-ño-Pon, kiumbe kikuu cha jando la wanaume wa Baga Sitem, tawi moja la Wabaga. Wanawake na watoto hawakuruhusiwa kumwona hata kidogo. Inasimuliwa kwamba alipotoka alikuwa mrefu kupita mapaa ya nyumba, na kijiji kizima kilijifungia ndani. Kulikuwa na yule nyoka aliyechongwa, anayeitwa Bansonyi katika vitabu vingi, mwili wake umepinda mara mbili tatu kama chatu anayejinyoosha kwenda juu, amepakwa rangi kwa mistari ya pembe pembe. Mchezaji alimbeba akiwa amesimama wima juu ya kichwa, naye alihusika na jando na uponyaji. Watu waliviogopa hivi, na wazee walitawala kwa kuogopwa kwavyo.

D'mba alikuwa wa uwanjani. Hakukuwa na mtoto aliyekatazwa kumtazama.

Vijana wa mwaka 1956

Sasa turudi kwa vijana. Mtafiti Ramon Sarró, aliyeishi na Baga Sitem katika miaka ya 1990 akiwasikiliza waliokuwapo, ameonyesha kwamba msukosuko ule haukuletwa na mgeni peke yake. Uadui ulikuwa tayari ndani ya vijiji. Wazee ndio waliogawa mashamba ya mpunga, ndio walioamua nani aoe lini, na ndio walioshika ufunguo wa jando, yaani ufunguo wa kuhesabiwa mtu mzima. Juu yao Wafaransa walikuwa wameweka machifu waliokusanya kodi na kupeleka watu kwenye kazi za lazima. Kijana wa Kibaga wa miaka ya 1950, aliyefika Conakry, aliyesikia hotuba za chama, aliyemwona mwenzake wa Kisusu akisali msikitini bila kuomba ruhusa ya mzee yeyote wa msituni, alikuwa na sababu nyingi za kumshangilia mtu anayekuja kusema kwamba ufunguo ule haufungui kitu.

Ziweke tarehe pamoja. Machi 1957 chama cha PDG cha Ahmed Sékou Touré, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Guinea, kilishinda uchaguzi wa bunge la koloni. Tarehe 31 Desemba mwaka huo huo serikali yake ikafuta uchifu. Moto wa Sayon umo katika miezi ile ile. Chifu aliondolewa na chama, mzee wa msitu aliondolewa na mhubiri, na aliyenufaika mara mbili ni kijana. Nikisoma habari hizi naona mapinduzi ya umri yaliyovaa kanzu, na sisemi hivyo kuidharau imani ya waliosilimu. Watu wengi walisilimu kwa moyo, wajukuu zao ni Waislamu leo, na Mbaga Mwislamu si Mbaga aliyepungua.

Tena kuna ushahidi kwamba Uislamu na kuchonga viliwahi kukaa nyumba moja. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 vijana wa Kibaga walibuni vinyago vingi vipya vya kichwani kwa ajili ya burudani, nje ya jando, na mmoja wao ni Al-Barak: mnyama mwenye mabawa na uso wa mwanamke, ambaye ni Buraki, kipando cha Mtume katika Miraji. Msomaji wa pwani yetu, aliyelelewa na kisa cha Miraji kila Rajabu, ataelewa haraka kuliko mimi ninavyoweza kueleza. Kuna mtu alikaa chini na tezo yake akamchonga Buraki acheze katika ngoma ya kijiji, na hakuona kosa. Kwa hiyo Uislamu kwa wenyewe haukuleta moto. Ulikuwapo kabla ya moto, ukiwa umekaa mkekani pamoja na ngoma.

Basi kwa nini D'mba, asiye mungu na asiye siri, alizimwa pamoja na nyoka na yule kiumbe wa jando? Hapa ndipo kisa kilipo, na jibu langu linatokana na namna alivyokuwa akitunzwa. Kinyago hakikuwa cha mtu mmoja kukitoa apendavyo. Kilikuwa cha ukoo au mtaa wa kijiji. Wazee ndio waliosema mwaka huu atoke, wao ndio waliomchagua wa kumbeba, na wao waliomlisha mchongaji alipokuwa kazini. D'mba hakuwa na siri, lakini alikaa katika nyumba ya wenye siri. Nyumba ilipobomolewa, naye akatolewa nje pamoja na vyombo vingine. Waliomchoma hawakuwa na haja ya kuuliza yeye ni nani.

Jambo la pili ni ufundi. Kinyago cha mti katika joto na unyevu wa mikokoni hakidumu vizazi vingi. Mchwa na ukungu hufanya kazi yao, na ilikuwa kawaida kukichonga upya. Kilichopaswa kudumu ni mkono wa mchongaji. Ukisimamisha uchongaji kwa miaka 30 hutakuwa umeua kinyago kimoja, utakuwa umekata mnyororo wa mafundi.

Dola nayo ikamchukua

Guinea ilisema Hapana katika kura ya tarehe 28 Septemba 1958, ikikataa kubaki katika jumuiya ya Ufaransa, na tarehe 2 Oktoba ikawa huru. Serikali mpya ikaendeleza kwa nguvu za dola kile ambacho Sayon alikifanya kwa mahubiri. Iliendesha kampeni iliyoitwa ya kuondoa uzushi: misitu ya jando ilivamiwa, vinyago vya siri vikaonyeshwa wanawake na watoto kwa makusudi ili hofu iishe. Katika nchi ya misitu, kusini mashariki, ilikuwa kali kuliko pwani, kwa kuwa pwani kazi kubwa ilikuwa imeshafanywa.

Dola hiyo hiyo ilikuwa na Ballets Africains, kikundi alichokianzisha Fodéba Keïta huko Paris kabla ya uhuru, kikafanywa kuwa kikundi cha taifa na kuzunguka dunia. Wilaya zilitakiwa kupeleka ngoma zao kwenye mashindano ya taifa. Vinyago vilivyokatazwa kijijini vilipanda jukwaani, vikiwa na taa na muda uliopimwa. D'mba akawa nembo: ukifika Conakry leo utamkuta kwenye sanamu, michoro na vitu vya kuuzia wageni, na Mguinea asiyejua Mbaga hata mmoja atakwambia huyu ni wetu.

Wengine wameuita huo wizi. Mimi nasita. Jukwaa liliweka hai angalau mwendo na mapigo ya ngoma ambavyo bila hivyo vingepotea katika miaka ya ukimya, na wapo watu walioijua D'mba kwanza kwa njia hiyo. Lakini jukwaani hakuna anayemgusa matiti akiomba mtoto, na hakuna mzee aliyekaa kumtazama kama anacheza vile alivyocheza siku mzee huyo alipomzika mama yake. D'mba wa jukwaa anaitazama hadhira, na yule wa kijijini hakuwa na hadhira, alikuwa na watoto.

Kuhusu Picasso nitasema machache, kwa kuwa ameshasemwa mno. Alimiliki D'mba, akamweka katika nyumba yake ya Boisgeloup, na vichwa vikubwa vya plasta vya mpenzi wake, Marie-Thérèse Walter, alivyovifinyanga hapo mwaka 1931 vina pua ile ile iliyotoka kwa nguvu mbele ya uso. D'mba huyo sasa yuko katika makumbusho ya Picasso, Paris. Kinachonigusa ni kwamba alimpata akiwa hana sketi, hana kitambaa, hana mtu ndani. Alipata nusu ya juu ya mama, na nusu hiyo ilitosha kumbadilishia mkono. Hebu fikiria kama angemwona mzima akizunguka.

Walichokiacha na walichokishika

Sékou Touré alifariki tarehe 26 Machi 1984, na tarehe 3 Aprili jeshi likachukua nchi. Marufuku yakalegea. Lamp alipofika vijijini aliwakuta watu wanaozungumza, kwa tahadhari kwanza, na katika miaka ya 1980 na 1990 ngoma za vinyago zilirudi katika baadhi ya vijiji, D'mba akiwa mmoja wa waliorudi. Waliozirudisha walikuwa hasa vijana na wanawake. Wengi walikuwa Waislamu, na walimbeba kwenye sherehe, kwenye mapokezi na kwenye sikukuu za kijiji, kisha wakaenda kusali.

Hapa ndipo tofauti niliyoieleza mwanzo inapolipa. D'mba aliweza kurudi kwa sababu hakuwahi kuwa na kitu cha kufichwa. Bibi aliyemwona akiwa msichana mwaka 1950 angeweza kumweleza mjukuu wake jinsi alivyozunguka, wimbo gani uliimbwa na mpunga ulirushwa lini. Kumbukumbu ilikuwa ya wote, kwa hiyo kuchoma mali za wazee hakukuichoma. Mchongaji mpya angeweza hata kutumia picha, na naamini hilo si aibu.

Kwa vinyago vya siri mambo ni mengine. Mtafiti David Berliner aliishi na Wabulongic, ndugu wa Wabaga, akakuta hali ngumu kuielezea. Wazee waliopitia jando la mwisho husema hawatamfundisha mtu. Wamesilimu, wamekwisha yaacha, na kwa kuwa hakuna jando hakuna aliyestahili kuambiwa. Lakini vijana hawawaamini. Wanaamini wazee bado wana nguvu zile, na wanawaheshimu na kuwahofu kwa sababu hiyo. Siri yenyewe haikurithishwa, hofu ya siri imerithishwa nzima. Sarró naye aliona kwa Sitem jambo linalofanana: mahali uliposimama msufi uliokatwa bado panajulikana, watu wanapita wakijua ni wapi wanapita. Mtu wa Kilifi anayejua kaya, yaani msitu mtakatifu wa Wamijikenda, iliyopoteza miti yake hatashangaa.

Kwa hiyo nikipima hasara ya 1957 siipimi kwa idadi ya vinyago, na sidhani kurudisha kila D'mba aliyeko New York, Chicago na Paris kungejibu swali lenyewe, ingawa ningefurahi kuona mmoja akishushwa bandarini Conakry na kupelekwa mikokoni. Atakapofika, atahitaji nyuzi mpya za mwale, kitambaa cha mabega, wapiga ngoma, na mwanamume mwenye mabega ya kulisukuma lile kasia la topeni. Hao wapo. Atahitaji pia wa kusema mwaka huu atoke, na katika vijiji alikorudi jambo hilo sasa linaamuliwa na vijana na akina mama, ambao mwaka 1955 wasingeulizwa. A-Mantsho-ño-Pon hajachezwa tena, na mzee anayejua jinsi alivyosimamishwa, akiulizwa na mjukuu wake, hunyamaza kisha huomba maji ya kutawadha.